Tulituma meseji za macho kwa wazazi mwaka mzima: tulipokosea na tulipopatia (uzi mrefu)

#1 KifutioUbaoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Vuteni viti, uzi una maelezo.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, darasa la pili. Mwaka juzi nilikuwa na mtoto, humu nitamwita Nuru. Kila nikigeuka kuandika ubaoni alikuwa anavuta kona ya jicho kwa kidole. Nikasema ni mazoea, watoto wana mengi. Siku moja nikamhamishia nyuma kwa sababu ya maongezi, na wiki hiyo daftari lake likawa safi ajabu. Kuja kusahihisha, nakuta jirani yake ameruka mstari wa tatu, na Nuru ameuruka mstari uleule wa tatu. Jirani kaandika 41 badala ya 47, Nuru naye 41. Mtoto alikuwa haoni ubao kabisa, ananakili daftari la mwenzake pamoja na makosa yake. Na mimi ndiye niliyemsogeza mbali zaidi na ubao, tena kama adhabu.

Alipopimwa akakutwa na miopia, yaani kutoona mbali. Cha karibu anakiona vizuri sana, ndiyo maana nyumbani hakuna aliyeshtuka. Anasoma, anachora, simu anaichezea kama watoto wote.

Nikaanza kusoma. Kilichonikamata ni kwamba jicho la mtoto linarefuka kama miguu inavyorefuka. Anazaliwa na jicho la kama milimita 17, ukubwani linafika 23 au 24. Likipitiliza, picha inaangukia mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kutua juu yake. Milimita moja tu ya ziada inatosha kumvalisha mtu miwani ya diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) mbili na nusu hadi tatu. Na jicho likisharefuka halirudi nyuma. Miwani inarekebisha picha, jicho linabaki na urefu wake.

Halafu nikakutana na habari ya kukaa nje. Mwaka 2008 mtafiti Kathryn Rose na wenzake walilinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina, wengine wanaishi Singapore, wengine Sydney. Singapore waliokuwa na miopia ni asilimia 29.1. Sydney ni 3.3. Wazazi wenye miopia walikuwa karibu sawa pande zote mbili, kwa hiyo usikimbilie kusema ni damu. Tofauti kubwa ilikuwa muda wa nje: Sydney kama saa 13.75 kwa wiki, Singapore saa 3.05. Na watoto wa Sydney ndio waliokuwa wanasoma vitabu vingi zaidi!

Maelezo yanayokubalika zaidi ni mwanga. Chumba chenye taa nzuri kina mwanga wa mia chache za laksi (kipimo cha mwanga), mara nyingi hata 500 hazifiki. Nje, hata siku ya mawingu, unakuta maelfu, na jua likiwaka inaweza kufika 100,000. Macho yetu yanajirekebisha kiasi kwamba hatuioni tofauti hiyo. Inaaminika kuwa mwanga mkali unaifanya retina itoe zaidi kemikali iitwayo dopamini, na dopamini ndiyo inayoliambia jicho lipunguze kurefuka. Lengo linalotajwa sana ni masaa mawili nje kwa siku, ukijumlisha na muda wa mapumziko ya shule.

Sasa haya yote mzazi atayasikia wapi? Kikao cha wazazi ni cha kuhesabu, na wanaokuja ni walewale. Simu ndiyo iko mfukoni kila siku. Tukakaa watu watatu: mimi, mwalimu mwenzangu, na mzazi mmoja anayejua mambo ya mifumo. Tukapata ridhaa ya mkuu wa shule, na kila mzazi akajaza fomu ya kukubali. Tukaanza.

Meseji ya kwanza niliiandika mwenyewe usiku kucha, nikaona nimetoa kito:

"Mzazi mpendwa, miopia ni hali ambapo jicho hurefuka kupita kiasi na kusababisha mtoto kutoona mbali. Utafiti unaonesha mwanga wa nje husaidia kuzuia hali hii. Hakikisha mtoto wako anapata muda wa kutosha nje. Pamoja tuwalinde watoto wetu."

Majibu yakamiminika. "Ahsante mwalimu." "Ubarikiwe mwalimu." "Elimu nzuri sana mwalimu." Kichwa kikavimba. Nikatuma za namna hiyo wiki tatu mfululizo. Jumatatu ya wiki ya nne nikauliza darasani: jana nani alicheza nje? Mikono iliyonyooka ni ileile, ya watoto ambao hata bila meseji hawashikiki ndani.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ndilo lililonileta humu. Meseji inayojibiwa "ahsante mwalimu" imekufa. Mzazi kaisoma, kaikubali, kaifunga. Iliyo hai inajibiwa kwa visingizio: "Sasa hivi niko njiani", "Kuna mvua", "Ana homuweki nyingi", "Nipo peke yangu na mdogo wake kalala." Mtu hajitetei kwa meseji ambayo haijamgusa.

Tukabadilisha. Tukaacha kufundisha, tukaanza kuomba kitu kimoja, kwa saa ambayo kinawezekana. Jumamosi saa 3 asubuhi:

"Leo asubuhi mtoe nje mtoto kabla ya saa 4. Hata kivulini panafaa. Mrudi mkichoka."

Visingizio vikaanza siku hiyohiyo. Nikafurahi mno, mwenzangu akadhani nimerukwa na akili.

Kila kisingizio tukakigeuza kuwa meseji ya wiki inayofuata. Aliyesema homuweki nyingi, tukatuma: "Homuweki ya kusoma ifanyiwe nje leo, mkekani au kwenye ngazi." Aliyesema amechoka: "Wewe kaa, yeye acheze. Kazi yako ni kuwepo tu."

Kosa letu kubwa la pili lilichukua miezi kugundulika. Namba tulizokuwa nazo ni za mzazi aliyemwandikisha mtoto, na mara nyingi saa 10 alasiri huyo yuko kazini. Meseji ya "mtoe nje sasa" inamkuta mtu ambaye hayuko na mtoto! Baba mmoja aliniambia: "Mwalimu, kila nikiisoma naumia roho, nifanyeje?" Tukarudisha fomu, safari hii tukauliza: *saa 10 alasiri mtoto anakuwa na nani, na namba yake ni ipi?* Zikaja namba za mabibi, mashangazi, kaka wakubwa, majirani. Nadhani swali hilo moja limetusaidia kuliko maneno yote tuliyoyapamba.

Sikupima jicho la mtu, kwa hiyo siwezi kuwaambia tumeokoa macho mangapi. Ninachojua ni mikono inayonyooka Jumatatu.

Nawasilisha. Mwenye swali aulize, mwenye kukosoa akosoe.

---

#2 MchokoziWaHoja

Mwalimu, kwanza hongera kwa kukiri la Nuru, wengi wangelificha.

Ila hapa nacheka. Simu ndiyo inayoharibu macho ya watoto, halafu dawa mnaipitisha kwenye simu hiyohiyo? Si ndiyo kumpa mlevi ujumbe ndani ya chupa?

---

#3 KifutioUbaoni

Mkuu umenichekesha. Ila mlevi humu ni nani? Meseji inakwenda kwa mtu mzima, mtoto haigusi. Tena ni meseji ya kawaida kabisa, haina video wala kiungo cha kubofya. Anaisoma kwa sekunde tano, anaweka simu chini.

Tulishakosea hapo pia. Kuna siku tulisema tutume kivideo kizuri cha katuni kuhusu macho. Jioni mzazi mmoja akaandika: "Ameipenda, ameitazama mara sita." Mara sita! Hatukurudia.

Kuhusu simu kuharibu macho: kazi za karibu za muda mrefu bila kupumzika zimehusishwa na miopia, iwe kitabu au kioo cha simu. Lakini simu ina ubaya wa ziada ambao hausemwi sana, nao ni kwamba inamfunga mtoto ndani. Saa moja ya simu ni saa moja ambayo hakutoka.

---

#4 MtazamaLenzi

Nafanya kazi ya kupima macho, nimeona niingie kabla watu hawajaondoka na nusu ya habari.

Mleta uzi yuko sahihi, ila naongeza mpaka mmoja muhimu. Ushahidi wenye nguvu ni kwamba kukaa nje kunazuia au kuchelewesha kuanza kwa miopia. Kwa mtoto ambaye tayari anayo, nje peke yake haitoshi kuisimamisha. Nuru anahitaji miwani, tena ya namba kamili aliyopimiwa. Nasema kamili kwa sababu nakutana kila wiki na mzazi anayeniomba "mpunguzie namba, macho yasizoee." Hapana. Miwani haifanyi jicho liwe vivu. Majaribio ya kuwapa watoto namba pungufu hayajaonesha kusaidia, na mojawapo lilionesha miopia ikiongezeka haraka zaidi.

Kuchelewesha nako si jambo dogo. Mtoto anayeanza miopia akiwa na miaka 6 ana miaka mingi ya jicho kuendelea kurefuka kuliko anayeanza akiwa na 12. Anayeanza mapema ndiye anayefika diopta sita na kuendelea. Huko retina imevutwa, imekonda, na hatari za ukubwani zinapanda: retina kubanduka, presha ya macho, mtoto wa jicho kuja mapema, na kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina ambako miwani haisaidii tena.

Kwa walio nayo tayari kuna njia nyingine za kupunguza kasi: matone ya atropini ya kiwango kidogo, lenzi maalumu za miwani, lenzi za kuvaa machoni mchana, nyingine za kulala nazo. Hizo ni za kuamuliwa na mtaalamu baada ya vipimo. Tafadhali msinunuliane matone kwa kusimuliana humu.

Na kwa anayedhani mwanga wa nje ni hadithi, tazama kilichotokea watoto walipofungiwa ndani. Feicheng, China, wanapima watoto wa shule kila mwaka. Kwa watoto wa miaka 6, kati ya 2015 na 2019 wenye miopia hawakuwahi kuzidi asilimia 5.7. Mwaka 2020, baada ya miezi ya kukaa majumbani kwa ajili ya UVIKO-19, wakafika asilimia 21.5. Kile ni kipimo cha uchunguzi wa haraka bila matone ya kulegeza jicho, kwa hiyo namba ina ukungu kidogo, lakini mruko wa namna ile hausababishwi na ukungu.

---

#5 MamaPacha

Asanteni sana. Nina maswali ya kimama, msinicheke.

Moja, karoti je? Mama mkwe ananishindilia karoti hizo, watoto sasa wanazikimbia. Mbili, pacha mmoja anapenda kukaa dirishani anachora, pale pana mwanga kweli, hiyo haihesabiki kama nje? Tatu, nitajuaje mapema kabla hajaanza kunakili daftari la mwenzake kama Nuru?

---

#6 MtazamaLenzi

Hakuna wa kukucheka dada.

Karoti zina vitamini A, na upungufu wake ni hatari kweli kwa macho. Lakini mtoto anayepata mlo wa kutosha hazimwongezei chochote kwenye miopia. Mwambie mama mkwe kwa adabu apumzike.

Dirishani: ni bora kuliko kona ya chumba, ila ukisogea hatua mbili tu kutoka kwenye kioo mwanga unaanguka vibaya sana. Usiuhesabu. Kivuli cha mti nje kinaweza kuwa na mwanga mara kadhaa ya ule wa dirishani, ndiyo maana nimependa ile meseji iliyosema "hata kivulini panafaa." Hakuna haja ya kumchoma mtoto juani. Kofia avae, na asilitazame jua.

Dalili: anakaza au anakunja macho kutazama mbali, anasogea karibu na televisheni, anainamisha kichwa upande, anapepesa sana, hakutambui ukimpungia mkono kutoka mbali. Na kuna wasio na dalili yoyote, hasa jicho moja likiwa zima, maana hilo linambeba mwenzake. Mfunike jicho moja kwa zamu, umwulize anaona nini ng'ambo. Akisita, mpeleke. Hata asiposita, kama wewe au baba yake mna miopia, mpeleke akapimwe kabla ya kuanza shule.

---

#7 FundiMeseji

Naongea kama mtu wa mitambo. Mleta uzi kapita juujuu kwenye upande wangu, na ndiko miradi mingi ya meseji za afya inakofia.

Meseji moja ina nafasi ya herufi 160, nafasi tupu zikiwemo. Kiswahili kina bahati, herufi zetu zote zinaingia humo. Lakini weka kikatuni kimoja tu cha jua linalocheka, mfumo mzima unabadilika na nafasi inashuka hadi 70. Meseji uliyodhani ni moja inakatwa vipande, unalipia kila kipande, na kwenye simu nyingine vinafika vimepishana. Nimewahi kuona mradi (siutaji) uliotuma ushauri wa dawa, nusu ya pili ikatangulia. Watu walisoma "mara mbili kwa siku" bila kujua kitu gani.

Halafu jina la mtumaji. Namba ngeni yenye maneno ya afya watu wanajua ni tapeli. Wazazi waambiwe mapema, ana kwa ana, meseji zitatoka wapi, na kwamba hazitaomba pesa wala namba ya siri kamwe.

Njia ya kujiondoa iwepo: ajibu "ACHA" na mfumo umwondoe siku hiyohiyo. Wengine wanaogopa kuiweka wakidhani wote watakimbia. Ukimlazimisha mtu, atakuzuia kimyakimya, na wewe utaendelea kumhesabu kama anasoma.

Na mwalimu, hizo namba za mabibi na majirani ulizokusanya ni taarifa za watu. Unazihifadhi wapi?

---

#8 KifutioUbaoni

Mkuu, hapo pa mwisho umenibana. Mwanzoni zilikuwa kwenye simu yangu binafsi, yenye picha zangu na kila kitu. Yule mzazi wa mifumo aliposikia karibu alie. Sasa ziko kwenye faili lenye nenosiri, tunalifungua watu wawili, na mtoto akihama zinafutwa. Jina la mtoto hatuliandiki kwenye meseji kabisa, wala matokeo ya vipimo. Vipimo ni vya kuongea uso kwa uso.

Kikatuni cha jua nacho tuliwahi kukiweka. Ndiyo maana salio lile liliisha nusu ya mwezi!

---

#9 MchokoziWaHoja

Nimerudi. Hadithi ni tamu, mikono ya Jumatatu ni mitamu. Ila mtoto wa miaka 7 akiona mwalimu anafurahia mikono, atanyoosha. Kuna mahali popote ambapo meseji zenyewe zilipimwa kwa macho? Siongelei kukaa nje, naongelea meseji.

---

#10 KifutioUbaoni

Kuhusu mikono umenipata, sibishi.

Mahali papo. Anyang, China. Watoto 268 wa darasa la pili waligawanywa kwa bahati nasibu. Wazazi wa kundi moja wakatumiwa meseji mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima, kuwakumbusha wawatoe watoto nje. Kundi la pili hawakutumiwa. Na hawakutegemea mikono: watoto walivaa vifaa vya kupima mwanga. Waliotumiwa meseji walipata mwanga zaidi, na muda wa nje uliongezeka hasa mwishoni mwa wiki. Macho yakafuatiliwa miaka mitatu. Mwaka wa tatu wenye miopia walikuwa asilimia 46.6 upande wa meseji, na 65.4 upande wa pili. Matokeo yalichapishwa 2022.

Hilo la mwisho wa wiki ndilo lililotupeleka Jumamosi. Siku za shule mtoto anamilikiwa na ratiba, mzazi hana la kubadilisha. Jumamosi ndiyo siku anayoweza kuamua.

---

#11 MchokoziWaHoja

Sawa, hiyo ni nondo. Lakini angalia: mji mmoja, watoto 268, na bado karibu nusu ya waliotumiwa meseji walipata miopia. Kwa hiyo meseji si kinga, ni punguzo.

Na kama ni punguzo, kwa nini mzigo wote umwangukie mzazi mwenye kazi mbili? Guangzhou, China, waliongeza kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya shule, shule 12 zikahusika, sita zikapewa kipindi. Baada ya miaka mitatu waliopata miopia kwenye shule zilizopewa kipindi walikuwa asilimia 30.4, zisizopewa 39.5. Taiwan mwaka 2010 wakaanzisha mpango wa watoto wa shule kukaa nje dakika 120 kwa siku. Wanafunzi wenye uoni hafifu walikuwa wamepanda hadi asilimia 50 mwaka 2011, wakashuka hadi 46.1 mwaka 2015, baada ya miaka ya kupanda tu. Shule ikifungua mlango hakuna haja ya kumbembeleza mtu kwa simu.

---

#12 KifutioUbaoni

Mkuu, wewe si mchokozi, wewe umesoma.

Nakubali kwa asilimia zote. Ningekuwa na uwezo wa kupanga ratiba, ningeanza na mapumziko: darasa lifungwe, kila mtu nje, hata anayemalizia kazi. Nimelipendekeza. Jibu nililopewa ni kwamba mtaala umebana. Basi meseji ndiyo silaha iliyokuwa mkononi mwangu. Hata hivyo shule haimiliki Jumamosi, wala likizo.

Ila kuna faida moja ya meseji ambayo sikuitegemea. Wazazi waliozoea kutumiwa ndio waliokuja kikaoni kuuliza: mbona mapumziko watoto wanazuiwa darasani? Mimi nilipouliza niliambiwa mtaala. Wao walipouliza, kukaundwa kamati.

---

#13 FundiMeseji

Kwa wanaotaka kuanza msijichoshe kubuni kila kitu upya. Shirika la Afya Duniani na ITU, lile shirika la kimataifa la mawasiliano, wana mpango unaoitwa MyopiaEd. Mwongozo wake ulitoka 2022, na unaeleza namna ya kuandaa, kujaribu na kutuma meseji za kuzuia miopia. Zile za mfano msizichukue kama zilivyo, zigeuzeni ziwe za watu wenu. Sentensi iliyotafsiriwa inanukia ofisi, mzazi anaifuta kabla hajafika katikati.

---

#14 BabuWaZamu

Wanangu, mimi ni mmoja wa hao mnaowaita "mtu anayekuwa na mtoto saa 10." Si wa shule ya mwalimu huyu, ila kwa mjukuu wangu nako walianza mambo haya.

Mniruhusu niseme. Mimi maandishi ya karibu siyaoni bila miwani, na mjukuu wangu ya mbali hayaoni. Tukiunganishwa tunapatikana mtu mmoja mzima. Meseji ikija namwita yeye anisomee! Anaisoma: "Mtoto atoke nje." Ananitazama, anasema, "Babu, imesema tulale." Wiki mbili tumelala kwa maelekezo ya shule.

Tafuteni njia ya kutupigia.

---

#15 MamaPacha

😂😂😂 Babu umenimaliza. Shikamoo.

---

#16 BabuWaZamu

Marahaba mwanangu. Sasa hivi tunatoka, maana mama yake aligundua.

---

#17 FundiMeseji

Babu katuchekesha, lakini amegusa penyewe. Mifumo mingi inaweza kupiga simu yenye sauti iliyorekodiwa. Sekunde ishirini, sauti ya mtu anayejulikana, si ya redio. Na saa zizingatiwe: ukimpigia mzee saa 8 mchana amelala, hapokei tena maisha yake yote.

---

#18 KifutioUbaoni

Babu, shikamoo. Huyo mjukuu atafika mbali, mradi apimwe.

Hilo la sauti tunalichukua. Kwetu kuna mabibi wanne ambao hawajawahi kujibu hata meseji moja, na mimi nikawahesabu ni wagumu. Kumbe sikuwahi kuuliza kama wanaona maandishi. Mwalimu mzima, baada ya Nuru, nimerudia kosa lilelile.

---

#19 MamaPacha

Mwalimu kabla hujaondoka, nisaidie. Mimi ndiye mweka hazina wa kundi la wazazi wa darasa la wanangu, nimewaomba tuanze na meseji moja kwa wiki. Nimeandika hii, ikosoe:

"Wapendwa wazazi, kwa kuwa macho ya watoto ni muhimu, tunashauri kila mzazi ajitahidi kumpa mtoto muda wa nje usiopungua masaa mawili kila siku ili kuepuka tatizo la kutoona mbali."

---

#20 KifutioUbaoni

Dada, hiyo utajibiwa "ahsante."

"Wapendwa wazazi" itoe, wanajua ni wazazi. "Ajitahidi" itoe, inampa mtu ruhusa ya kushindwa. Masaa mawili kila siku kwa mzazi ambaye leo amepata dakika kumi ni mlima, ataufunga ukurasa. Chagua siku moja, saa moja, kitendo kimoja. Na likizo imekaribia, anza nayo.

---

#21 MamaPacha

"Kesho Jumamosi saa 3 tunakutana uwanjani na watoto. Mpira upo. Asiyekuja na mtoto wake amtume na jirani. Simu za watoto zibaki nyumbani."

Herufi 136, nimehesabu mara mbili. Hakuna jua linalocheka.

---

#22 KifutioUbaoni

Usiguse hata nukta. Tuma leo saa 12 jioni, wakiwa wanapanga kesho yao.

---

#23 MamaPacha

Nimetuma. Wa kwanza kajibu: "Mpira wa miguu au wa mikono? Wangu hana viatu."

---

#24 KifutioUbaoni

Mjibu pekupeku ruksa.